Inawaka au Inawasha?

Ndugu zangu, kabla sijasema lolote, hebu nione mikono. Ni nani humu ndani amewahi kusukuma gari la mtu akiwa amevaa nguo za kanisani? Inueni, msione aibu. Haya, asanteni. Naona mzee wa kanisa mmoja ameinua mikono yote miwili. Huyo atanielewa kuliko wote. Shusheni sasa, mnisikilize.

Kulikuwa na mama mmoja huko nyanda za juu, kwenye vile vijiji ambavyo ukitoka nje asubuhi, mvuke unakutoka mdomoni kabla salamu haijatoka. Jina lake silitaji, maana humu hamkosi ndugu zake. Alikuwa mjane. Mumewe alimwachia shamba la viazi, binti mmoja, na pikapu ya dizeli, ya bluu iliyopauka. Viazi alivijua tangu utotoni. Binti alimlea, akaleleka. Pikapu ndiyo iliyomtoa jasho, kwa sababu betri yake ilikuwa imechoka, na gari la dizeli lenye betri iliyochoka halitaki kabisa kusikia habari za baridi.

Basi mama akajifunza kuishi kwa mteremko. Wenye magari mabovu mnanielewa. Akirudi shamba jioni, anailaza pikapu kwenye kilima juu ya nyumba, pua ikiangalia chini. Asubuhi anaachia breki, gari linaserereka, anaachia klachi, linakohoa mara mbili, linawaka. Akienda sokoni anatafuta kwanza mteremko, ndipo anatafuta wateja. Akienda msibani anaegesha mbali kule mlimani, watu wanadhani ni unyenyekevu. Miaka miwili mama huyu aliishi hivyo, na kusema kweli alishaona ndivyo magari yalivyo.

Mpaka siku ya kikao cha harusi ya binti yake.

Kikao kilifanyika nyumbani kwa wakwe, mjini, na wakwe wale walikuwa watu wa uwezo. Uwanja wao ulikuwa tambarare kama meza. Mama akaingia na pikapu yake, akatazama kulia, akatazama kushoto, hakuna hata kilima kidogo cha kumsaidia. Akaegesha tu. Wakala, wakanywa, wakapanga mambo, wakaagana vizuri. Mama akapanda, akazungusha ufunguo. Tik. Akazungusha tena. Tik.

Mnajua kilichofuata. Wakwe na suti zao wakatoka kusukuma. Na ilikuwa imenyesha! Baba mdogo wa bwana harusi, mtu mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kujaza ukumbi, akakanyaga tope kwa viatu vyake vyeupe. Gari likawaka, likamtemea moshi mweusi kifuani. Watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akasema maneno aliyodhani ni utani.

"Mkwe, tumejua sasa! Jumamosi tutawaagiza waalikwa waje na gambuti, maana bibi harusi wetu atafika kanisani kwa nguvu za miguu yetu!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Hata binti yake, aliyekaa pembeni ya mama ndani ya pikapu, alicheka kidogo, kisha akainamisha uso. Mama aliuona ule uso ulioinama. Yale maneno angeweza kuyameza, lakini uso ule ulimshinda. Akashusha kioo, akasema mbele ya wote:

"Baba, sikiliza. Mwanangu atatoka nyumbani kwake ndani ya gari la marehemu baba yake. Hakuna mkono wa mtu utakaoligusa."

"Na likigoma?"

"Likigoma, ahamie gari lenu, nami nitapanda nyuma na vyombo."

"Mashahidi mpo?" akauliza yule baba mdogo, akiwageukia watu. Mashahidi walikuwepo, tena wengi kupita kiasi.

Ndugu zangu, msimcheke. Kwenu nyinyi ile ilikuwa pikapu tu. Kwake ilikuwa kitu cha mwisho ambacho mumewe alikishika kwa mikono yake. Marehemu alikuwa amemwambia binti akiwa bado mdogo, akimkalisha mapajani mbele ya usukani, kwamba siku ya harusi yako mimi ndiye dereva. Hakufika siku hiyo. Mama alikuwa amejiapiza kwamba kama dereva hayupo, gari litakuwepo, na usukani ataushika yeye. Sasa zimebaki siku tatu, na ahadi ya marehemu imening'inia kwenye betri.

Jumatano mama akaenda mjini kununua betri. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kununua betri. Akaingia duka la kwanza aliloliona, na ni rahisi kuona kwa nini aliliona: betri zimepangwa mpaka barabarani, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na kila moja ina stika ya radi ya dhahabu. Muuzaji akamtazama, akatazama nyuma yake.

"Karibu mama. Mzee yuko wapi?"

"Mzee amepumzika," mama akajibu. "Ongea na mimi."

"Ooh, pole sana mama yangu. Basi nikupe hii hapa. Hii ni moto!"

Mama akaipapasa. Akainyanyua kidogo, ilikuwa nzito, akaridhika. Kisha akauliza swali. Akina mama na akina baba, lisikilizeni swali hili vizuri, maana mfano wote umekaa humu. Aliuliza neno moja tu.

"Inawaka?"

Yeye moyoni alikuwa anaisema pikapu. Alitaka kujua kama pikapu itawaka. Lakini Kiswahili chetu kina huruma kwa wauzaji. Yule bwana akachukua waya mbili na taa ya gari, akagusisha hapa, akagusisha pale, ile taa ikamulika mpaka dari likabadilika rangi.

"Si unaona mwenyewe, mama? Inawaka!"

Akachukua na honi, akaigusisha. Honi ikalia, watu wa duka la jirani wakaruka. Mama akacheka kwa furaha, akalipa, akafungiwa betri, akazungusha ufunguo, na pikapu ikawaka palepale! Sasa nyinyi mnasema, kumbe ilikuwa nzima. Subirini. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na injini ilikuwa bado ya moto kutokana na safari. Injini ya moto haina kiburi. Ukiiomba kidogo tu, inakubali.

Mama akarudi kijijini akipiga honi njia nzima. Alipiga honi kwa ng'ombe, akapiga honi kwa watoto, akapiga honi mbele ya nyumba ya mwinjilisti bila sababu yoyote. Na jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, hakuipandisha kilimani. Aliiegesha tambarare, mbele ya mlango, kama watu.

Alhamisi asubuhi baridi ikashuka. Nyasi zilikuwa nyeupe kwa umande ulioganda. Mama akatoka amejifunga blanketi, akapanda, akawasha taa. Taa zikawaka vizuri. Akapiga honi, ikalia, kijiji kikaamka. Akafungua redio, redio ikamwimbia pambio. Akazungusha ufunguo.

Tik.

Akajaribu tena, akajaribu mara ya tatu, akajaribu akiomba. Tik. Taa zinawaka, honi inalia, redio inaimba, na gari liko palepale. Mama akakaa ndani ya pikapu ile, katikati ya kelele zile zote, akalia. Akawaza Jumamosi. Akamwona binti yake amevaa shela, anashushwa kwenye gari la baba yake, anavushwa uwanja mbele ya watu kwenda kwenye gari la wengine. Akalia kwelikweli.

Halafu akakasirika, na hasira ya mjane mwenye shughuli ya Jumamosi siyo ya kuchezea. Akaita majirani, wakasukuma, gari likawaka. Akaenda nalo mjini bila kulizima, akasimama mlangoni kwa yule bwana.

"Betri yako haiwaki!"

"Mama yangu," akasema yule bwana kwa upole kabisa, "taa hazikuwaka?"

"Ziliwaka."

"Honi haikulia?"

"Ililia."

"Sasa mama, ulichouliza si ndicho nilichokuonyesha?"

Yule bwana alikuwa amemuuzia betri kuukuu iliyofufuliwa na kupakwa rangi, jambo ambalo atalijibu mbele za Mungu. Lakini kwa swali lile aliloulizwa, hakusema uongo hata herufi moja. Mnaona hatari yake? Ukiuliza swali jepesi, utapewa jibu la kweli, na bado utalala njiani.

Akaondoka pale akiwa na pikapu inayonguruma, akauliza watu, akaelekezwa kwa fundi wa umeme wa magari, nyuma ya stendi ya malori. Na fundi huyo alikuwa mwanamke. Naona akina baba mmegeuziana macho. Tulieni. Alikuwa dada wa makamo, ovaroli limemjaa grisi, nywele kazifunga kitambaa, na haongei bure.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Nimetapeliwa."

Akamweleza yote, tangu viatu vyeupe vya baba mdogo mpaka blanketi la asubuhi. Fundi akasikiliza huku amefungua boneti.

"Ulimuuliza nini aliyekuuzia?"

"Nilimuuliza kama inawaka."

Fundi akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Mama, kuwaka ni kazi ya taa. Betri tunaiuliza inawasha? Taa inaomba umeme kidogo sana, hata betri inayokata roho inao. Kuizungusha injini ya dizeli iliyolala kwenye baridi, hapo ndipo pana kazi."

"Basi nipe ile kubwa kuliko zote." Mama akanyoosha kidole kwenye betri ya lori, kubwa kama sanduku la nguo. Alikuwa bado ana hasira.

Fundi akatoa futi, akapima kile kitako ambacho betri hukalia. "Haikai hapa, mama. Na ukiilazimisha ikakaa, vichwa vyake, pale waya zinapofungwa, vitagusa boneti, utaunguza gari la marehemu. Uliyopewa kuibeba ni saizi hii." Akaweka betri tatu mezani, zote za saizi moja. Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu, mpini mwekundu, stika kila upande. Ya pili ilikuwa bado na nailoni yake. Ya tatu ilikuwa ya kijivu tu, haina mbwembwe, mtu angeweza kuikalia akidhani ni stuli.

Akachukua kifaa chake. Ni kifaa chenye mshale na vibanio viwili, na ndani yake mna waya unaopata moto kama wa jiko. Kazi yake ni kuielemea betri, kuivuta kwa nguvu kama injini inavyoivuta. Kabla hajaielemea, akampimia mama zote tatu bila mzigo. Mshale ukapanda, ukasimama mahali pamoja kwa zote tatu.

"Umeona? Bila mzigo, zote nzima. Bila mzigo hata ile uliyouziwa ni nzima. Sasa tuzielemee, wewe uhesabu mpaka kumi."

Akaielemea ile yenye mpini mwekundu. Mama hajafika tatu, mshale ukaanguka. Fundi akaisukuma pembeni, akisema hii ni ya kurudishwa ilikotoka. Akaielemea ile ya nailoni. Mshale ukajikaza mpaka sita, ukaanza kushuka taratibu, ukalala.

"Hii nayo mbona mpya?" mama akashangaa.

Fundi akamwonyesha tarehe iliyogongwa ubavuni. "Mpya, lakini imekaa dukani miaka mitatu bila kufanya kazi wala kuchajiwa. Betri inazeeka hata ikikaa bure, mama. Tena ikikaa bure bila chaji, ndiyo inakufa upesi."

Sitaki kuwachokoza wale waliokaa viti vya nyuma tangu mwaka juzi. Napita tu.

Akaielemea ile ya kijivu. Mshale ukashuka kidogo, ukasimama. Mama akahesabu tano. Umesimama. Nane. Kifaa kimepata moto, harufu ya waya inasikika, mshale umesimama. Kumi! Mama akapiga kigelegele humohumo gereji, madereva wa malori wakageuka. Fundi hakuishia hapo. Akaifunga, akasafisha vichwa, akakaza nati, kisha akapima kama injini ikiwaka inairudishia betri chaji yake. Inarudisha. Akamtazama mama usoni.

"Nenda ukamwoze mwanao."

Ijumaa asubuhi, kwenye baridi, mama alizungusha ufunguo mara moja. Pikapu ikawaka, akaizima, akaingia ndani, hakumwambia mtu. Akakaa na furaha yake kimya, akiisubiri Jumamosi.

Na Jumamosi ikaja! Baridi ile ile, umande ule ule. Msafara wa wakwe ukafika mapema kumchukua bibi harusi, magari sita. La mbele lilikuwa jeupe, refu, jipya, la otomatiki, limefungwa utepe toka pua mpaka mkia. Ndani yake alikuwa bwana harusi mwenyewe na msimamizi wake, na mbele kakaa baba mdogo. Wamezima injini, lakini milango iko wazi, muziki unatikisa madirisha ya kijiji, taa zote zinapepesa. Na mnajua kumvalisha bibi harusi ni shughuli ya saa ngapi. Saa ya kwanza ikaisha, shela imekataa. Saa ya pili ikaanza, pini zimepotea. Muziki unapigwa, taa zinapepesa.

Mwishowe binti akatoka. Uwanja ulijaa vigelegele. Akapanda pikapu ya bluu, iliyooshwa mpaka upaukaji wake ukapendeza, na mama akakaa nyuma ya usukani na kitenge cha sare na kilemba. Wote waliijua ile ahadi. Pikapu ilikuwa tambarare, na baba mdogo alikuwa ameshuka, amekunja mikono ya shati tayari, anachekacheka. Viatu safari hii vilikuwa vyeusi.

Mama akazungusha ufunguo.

Injini ikawaka mara moja! Hata tik haikusikika. Ndugu zangu, kijiji kililipuka. Watu walirusha kofia. Akina mama walicheza mbele ya ile pikapu mpaka vumbi likafunika bibi harusi, na binti akainua uso wake, akacheka kwa meno yote, machozi yakimharibia poda. Mama akaweka kiganja juu ya dashibodi, akasema polepole, "Umefika, baba yake." Hapo alikuwa ameshinda. Kama mfano wangu ungeishia hapa ungetosha, tungeimba tukaenda nyumbani.

Lakini haukuishia pale. Baba mdogo alirudi garini mwake, akakaa, akamwambia dereva tuondoke. Dereva akazungusha ufunguo. Tik.

Akazungusha tena. Tik.

Saa mbili za muziki na taa, injini imezimwa, baridi kali. Betri ilikuwa imekwisha. "Sukumeni!" mtu akapiga kelele. Dereva akatikisa kichwa, uso umemshuka. Lile lilikuwa gari la otomatiki, na hayo utayasukuma mpaka mkoa wa pili, hayawaki. Magari mengine matano yalikuwa nyuma yake kwenye njia nyembamba ya shamba, hayana pa kupita; pikapu peke yake ndiyo iliyokuwa mbele, njia wazi. Kanisani mchungaji alikuwa na ndoa nyingine inayosubiri. Na bwana harusi yumo mle ndani, anavuja jasho kwenye baridi.

Sasa niambieni ukweli. Wewe ungefanya nini? Usinipe jibu la kanisani. Umetukanwa mbele za watu, mwanao kainamishwa uso, na leo Mungu amemleta adui yako mezani kwako, kaiva, ana chumvi. Wanawake wa kijiji walishaanza. "Mama, piga honi! Piga honi tuondoke! Waambie wavae gambuti!" Na mama alikuwa na maneno yake tayari, alikuwa ameyatunga tangu siku ya kikao, ameyafanyia mazoezi hata shambani kwenye viazi. Akashusha kioo. Baba mdogo akasimama mbele yake, ameshika kofia mkononi, sauti yake ya kujaza ukumbi imekwisha.

"Mama," akasema, "nimekosa."

Mama akamtazama. Yale maneno yalikuja mpaka kwenye ulimi. Akayatazama, akaona kwamba akiyasema atakuwa amepiga honi nzuri sana, na binti yake atafika kanisani kwenye kiti kisicho na bwana harusi.

"Fungueni boneti," akasema.

Akaigeuza pikapu, akaisogeza taratibu mpaka pua ikakutana na pua ya lile gari jeupe. Akashuka na kitenge chake. Chini ya kiti chake kulikuwa na waya mbili nene, nyekundu na nyeusi, alizopewa na fundi Alhamisi, ambazo hakuwa amejua atazifanyia nini. Akamshikisha baba mdogo ncha moja, akashika nyingine, wakaunganisha betri na betri. Akarudi kwenye usukani, akakanyaga mafuta kidogo, akamwambia dereva, "Washa."

Gari jeupe likawaka.

Na je, betri ya mama ilipungua? Hata kidogo! Injini yake ilikuwa inanguruma, kila kilichotoka kilikuwa kinarudi. Baba mdogo alisimama katikati ya yale magari mawili yanayonguruma, akaanza kucheka, na safari hii hakuwa anamcheka mtu. Akaenda kwa dereva wake, akamwambia, "Sisi hatutangulii tena. Mama ndiye anaongoza." Na hivyo ndivyo walivyoingia kanisani: pikapu ya bluu mbele, gari jeupe nyuma yake, na matarumbeta yakipigwa juu ya bodi, palipokuwa pamekaa viazi wiki nzima.

Haya sasa. Tuje kwetu.

Sisi watu wa kanisa hili tunapenda sana neno moja. Ibada ikitoka tunaulizana, "Vipi, iliwaka?" Na tunajibu, "Iliwaka kweli!" Kwaya inawaka. Maombi yanawaka. Mhubiri anawaka, tena akiwa na spika mbili anawaka zaidi. Nami sisemi kwamba huo ni uongo. Ni kweli tunawaka. Yule muuzaji naye alisema kweli.

Lakini tunaulizana swali jepesi, wapendwa. Taa inaomba umeme kidogo. Kuimba Jumapili kunaomba umeme kidogo. Mungu akitaka kutupima hatupimi hapa, tukiwa tumependeza na mshale umesimama juu kwa kila mmoja. Anaacha kwanza tuelemewe. Siku uliyosemwa vibaya kazini, siku mkwe alipokudharau, siku mgonjwa nyumbani anakuita kwa mara ya kumi na wewe umechoka, ndiyo siku ya kipimo. Hesabu mpaka kumi uone. Wengi wetu tunaanguka kwenye tatu.

Na mzigo usiwatishe. Wengine humu mnalia kwa sababu mmeelemewa, mnadhani Mungu amewaacha. Mama, wewe uliyezika, ukalea peke yako, na bado leo umekaa kwenye benchi hili: umeshahesabiwa mpaka kumi. Mshale umesimama! Huhitaji stika. Shangilia, maana umepimwa ukaonekana mzima, na hakuna atakayekuja kukusukuma tena.

Ila ukishashangilia, usiondoke na honi. Ushindi wa yule mama ulipigiwa vigelegele injini yake ilipowaka, lakini mimi nasema hapo alikuwa ameshinda nusu. Alimaliza ushindi wake aliposogeza pua ya gari lake karibu na mtu aliyemcheka. Imani inayokufikisha wewe peke yako ni nzuri. Inayomwasha aliyekudharau, hiyo ndiyo ya Mungu wetu.

Nilikuwa nimepanga mseme amina sasa, lakini msiseme. Nyamazeni kidogo. Nataka kila mtu amfikirie mtu mmoja, yule aliyekuumiza, ambaye hivi leo mambo yake yamezima na unajua, na moyoni ulishaanza kufurahi. Unaye? Mshike hapohapo. Usimtaje kwangu.

Ibada imekwisha. Nenda nyumbani kwake.